Hiyo Si Boxer: Barua kwa Mwanangu

Kondele, Kisumu

Mwanangu, mama,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa karakana, mikono imejaa oili, nikacheka hadi vijana wakadhani nimetumiwa pesa. Unasema pikipiki ya Ninja 400 uliyouziwa na mwenzako wa kazini hapo Nakuru inachechemea sauti ikiwa imesimama, kwenye resi ya chini imelala kama mgonjwa, kisha ghafla inakurusha, na kwenye foleni inakuchoma miguu. Unauliza: "Baba, nimeuziwa ubovu?"

Hapana. Hizo zote ni tabia zake. Shida ni kwamba ulijifunzia Boxer yangu, pikipiki ya boda, kwenye barabara ya Kibos. Boxer ina pistoni moja yenye subira. Iwekee gunia la sukari, achia klachi, itaondoka. Yako ina silinda mbili zilizopangwa sambamba, cc 399 kwa jumla. Pistoni moja ikipanda, mwenzake anashuka, na milipuko yao haiachani sawa: miwili inafuatana haraka, kisha kimya kirefu, kisha miwili tena. Huko ndiko kuchechemea unakosikia. Ukipandisha resi, sauti inaungana.

Nguvu nazo ziko juu. Boxer 150 ina nguvu za farasi kama 12, na hutoa zote ikiwa kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika. Yako ina kama 45, lakini lazima ikaribie 10,000 ndipo ikupe zote. Wewe unabadilisha giya mapema kama mtu wa boda anayeokoa petroli, halafu unalalamika imelala! Ukitaka kupita lori pale Salgaa, teremsha giya kwanza, mshale wa mizunguko upande juu, ndipo utoke. Ila kwenye kona, na hasa mvua ikinyesha, fungua mafuta polepole. Ile kurushwa ulikoniambia ndiko kunakoninyima usingizi, si sauti.

Joto ni hivi: Boxer inapozwa na upepo, yako inapozwa na maji. Ukisimama kwenye foleni feni inavuma, na ile hewa ya moto lazima ipite mahali, basi inapita kwako. Vaa suruali nzito. Taa ya joto ikiwaka ndipo usimame, na usifungue kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa kabisa. Huyo mwenzako alibadilisha lini maji ya rejeta? Muulize.

Sasa oili, na hapa nikuambie jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata mamako. Kijana mmoja wa Milimani aliniletea pikipiki ya silinda mbili kama yako, ya kwanza kuingia karakana yangu. Nikamwekea oili ya gari, tena ya bei, ile nyepesi ya kupunguza msuguano. Nilijiona nimemheshimu. Baada ya wiki akarudi: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na mimi nilikuwa nimeipaka utelezi. Nilinunua sahani mpya za klachi kwa pesa yangu, nikasingizia kwamba zile za zamani zilikuwa zimezeeka. Kwa hivyo angalia mkebe: lazima uwe umeandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Fundi akikuambia "oili ni oili," chukua funguo zako uondoke.

Cheni vilevile. Sisi huku tunaimwagia oili chafu iliyotoka kwenye injini, na Boxer haisemi kitu. Cheni yako ina vipete vya mpira vinavyofunga grisi ndani. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi laini, si petroli, kisha uipake mafuta ya cheni kila kilomita 600 hivi, na mapema zaidi ukinyeshewa.

Tairi: tafuta ubavuni tarakimu nne, kwa mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikipiki ya kifahari hukaa sana ndani. Tairi inazeeka ikiwa bado na meno. Ikiwa ni kuukuu, badilisha kabla ya kunizungumzia safari.

Viganja vitakuuma mwezi wa kwanza. Bana tanki kwa magoti, usiegemee mikono. Na mamako ameona picha, amesema kile kiti cha nyuma ni cha paka.

Petroli isikutishe. Tanki ni lita 14. Hata ikikupa kilomita 22 tu kwa lita, Nakuru hadi hapa utafika bila kuongeza. Toka asubuhi, maana Kericho mvua hupenda kuja mchana, na baridi ya Mau Summit itakufanya uvae koti nililokununulia.

Ukifika, usiingie uani moja kwa moja. Ule mtaro wa mbele ya lango uliokuwa ukiuruka na Boxer utapasua plastiki za chini. Simama barabarani unipigie, nitakuja na ubao.

Babako