Umeme umekatika, picha zimepotea: nichague mfumo gani wa faili?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina diski ya nje ya TB 2 yenye picha za familia za miaka mingi, hati za shamba nilizoskani na video za harusi za wanangu. Mwezi uliopita umeme ulikatika nikiwa nahamishia picha kwenye diski hiyo kutoka kompyuta ya mezani ya Windows. Uliporudi, Windows iliomba kuikagua diski, nikakubali, na sasa folda moja imetoweka. Badala yake nimekuta folda iitwayo FOUND.000 yenye faili za FILE0000.CHK na kuendelea. Fundi ameniambia kwamba diski imefomatiwa kwa exFAT, na kwamba nihamie ZFS. Nina pia laptop ya zamani yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Ni mfumo gani wa faili ninaoweza kuuamini?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Kabla hatujafika kwenye mfumo, nakuomba usiandike kitu chochote kipya kwenye diski hiyo, wala usiifomati. Zile faili za .CHK ni vipande ambavyo Windows ilivikuta diskini bila kujua ni vya jina gani wala folda gani, na huenda baadhi yake ni picha zako zikiwa kamili. Nakili folda ya FOUND.000 kwenye kompyuta, ubadilishe mwisho wa jina la faili mojawapo kutoka .CHK kuwa .jpg, kisha uifungue. Zisipofunguka, tumia PhotoRec, programu ya bure ambayo huitambua picha kwa baiti zake za mwanzo bila kuhitaji jina lake, na uielekeze ihifadhi inachokipata kwenye diski nyingine, si hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Tunaposema mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga na kuhifadhi faili diskini, unaaminika, huwa tunachanganya ulinzi wa aina mbili, na fundi wako alikuwa akizungumzia aina moja ilhali wewe ulipatwa na madhara ya kukosa nyingine.

Aina ya kwanza ni ulinzi wa mpangilio, yaani orodha inayosema faili fulani inaitwaje, imo folda gani na imekaa sehemu zipi za diski. Mwenye duka makini huandika daftarini kwamba anatoa magunia mawili kwa mteja fulani kabla hajagusa gunia. Taa zikizimika katikati ya kazi, asubuhi husoma mstari wa mwisho akajua amalizie au afute. NTFS ya Windows, iliyotoka mwaka 1993, na ext4 ya Linux, iliyokamilika mwaka 2008, zina daftari la miamala la namna hiyo. exFAT haina. Microsoft iliitoa mwaka 2006 kwa ajili ya flash na kadi za kamera, iwe nyepesi na isibanwe na kikomo cha GB 4 kwa faili moja kilichokuwamo katika FAT32. Kwa kusafirishia faili inafaa sana, kwa sababu Windows, Mac na Linux za sasa zote huisoma. Kwa kuhifadhi kumbukumbu za maisha katika nyumba ambayo umeme hukatika, siipendekezi hata kidogo, na ninasikitika kwamba diski nyingi za nje huuzwa zikiwa zimefomatiwa hivyo bila mnunuzi kuambiwa lolote.

Aina ya pili ni ulinzi wa yaliyomo, nao ndio watu wengi hawaujui. Diski inaweza kuharibu sehemu ndogo ya faili bila kelele yoyote: jina lipo, ukubwa ni ule ule, tarehe ni ile ile, lakini ukiifungua picha unakuta nusu ya juu ni nyuso za watu na nusu ya chini ni rangi ya kijivu tupu. NTFS na ext4, kwa namna zinavyotumika kwa kawaida, hazina njia ya kuligundua jambo hilo, kwa kuwa daftari lao hulinda orodha tu. Hata APFS, ambayo Apple iliileta kwenye kompyuta za Mac mwaka 2017, huhakiki orodha yake yenyewe ya faili na kuziacha picha zako bila uhakiki. Nimewahi kuhudumia familia iliyokuwa ikinakili picha zake zote upya kwenye diski ya pili kila Jumapili, kwa bidii ya kusifika, na kila Jumapili nakala mbovu ilikuwa ikiandikwa juu ya nakala nzima. Tulipogundua, picha kadhaa za marehemu bibi yao zilikuwa zimeharibika kwenye diski zote mbili.

ZFS na Btrfs zilibuniwa kuziba pengo hilo. Kila kipande cha faili kinapoandikwa, mfumo hukokotoa tarakimu ya uhakiki na kuiweka mahali pengine. Kinaposomwa, hukokotoa tena na kulinganisha. Zikitofautiana, na kukiwa hakuna nakala nyingine ya kurekebishia, mfumo hukataa kukupa faili na kutoa taarifa ya kosa. Kukataa huko ndiko kungeiokoa familia ile, maana faili isiyosomeka haiwezi kunakiliwa juu ya ile iliyo nzima. Aidha, mifumo hii haiandiki juu ya data ya zamani: huandika mahali papya kwanza, kisha ndipo hubadilisha kielekezi, yaani alama inayoonyesha data ilipo, hivyo umeme ukikatika hali ya awali hubaki kama ilivyokuwa.

Fundi wako, kwa hiyo, hakukosea kuisifu ZFS. Ilianzia Sun Microsystems mwaka 2001, nami naiamini kikamilifu kwenye seva. Hata hivyo, leseni yake imeizuia isiingizwe ndani ya kiini (kernel) cha Linux, yaani sehemu kuu ya mfumo huo. Ubuntu huitoa tayari, lakini kwenye Linux nyingine nyingi itabidi uisakinishe kwanza ndipo diski isomeke. Btrfs imo ndani ya kiini hicho tangu mwaka 2009, na Fedora, aina nyingine ya Linux, imeifanya chaguo lake la kawaida kwa kompyuta za mezani tangu mwaka 2020. Kwa mtu wa nyumbani asiye na msimamizi wa mitambo, nachagua Btrfs, ila ujiepushe na mipangilio yake ya RAID 5 na 6 (njia za kutawanya data kwenye diski kadhaa), ambayo watengenezaji wenyewe hutahadharisha dhidi yake.

Windows haisomi Btrfs, na hapo ndipo laptop yako ya zamani inapopata kazi. Iache iwe mtunzaji wa diski, na kompyuta ya Windows iifikie folda kupitia mtandao wa nyumbani kwa programu ya Samba. Betri ya laptop, ikiwa bado ina nguvu kidogo, itaihimili diski umeme ukikatika, mradi ununue diski ndogo ya inchi 2.5 inayopata umeme kupitia waya wa USB. Zile kubwa zenye adapta ya ukutani huzimika papo hapo hata kama laptop inaendelea kuwaka. Endapo utaona mpangilio huu ni mzito na ni lazima diski ichomekwe kwenye Windows moja kwa moja, basi ifomati kwa NTFS, ukijua kwamba umepata ulinzi wa aina ya kwanza tu.

Nunua diski mbili, uzifomati zote kwa Btrfs, lakini usiziunganishe kuwa kioo kimoja, yaani diski mbili zinazoandikwa kitu kile kile kwa pamoja, kwa sababu faili ukiifuta kwa bahati mbaya kwenye kioo hufutika pande zote kwa wakati mmoja. Moja ikae nyumbani, nyingine ikae kwa mmoja wa wanao, na mbadilishane kila baada ya miezi michache. Mara moja kwa mwezi chomeka iliyopo na uendeshe amri ya `sudo btrfs scrub start` ikifuatiwa na njia ya diski, yaani folda ambamo diski inaonekana kwenye Ubuntu. Itasoma kila kipande na kukihakiki, kazi ambayo kwa TB 2 huchukua saa kadhaa. Ukitaka kuona matokeo, andika `sudo btrfs scrub status` na njia ile ile. Ikitaja makosa, andika `sudo dmesg`, na kwa kawaida utaliona jina la faili iliyoharibika, ili uitafute kwenye diski iliyo kwa mwanao.