Ziara za siku moja Unguja, uko peke yako na huna gari

Asalaam alaykum dada. Umesema umefikia Mji Mkongwe peke yako, huna gari, na kila unayemuuliza anakutajia bei ya gari zima. Uliza kwanza: safari hii ni ya kuchangia au ya binafsi? Mimi niliwahi kulipa gari zima kwenda mashamba ya viungo, kumbe asubuhi ile ile kundi jingine lilikuwa na nafasi. Iliniuma sana. Kwa viungo, iwe Kizimbani au Kindichi, ungana na kundi, na hakikisha usafiri, chakula na kiingilio vyote vimo kwenye bei. Mtembezaji akikukwangulia gome la mdalasini ukalinusa hapo hapo mtini, hutojutia.

Msitu wa Jozani usilipie ziara. Panda daladala ya Makunduchi au Jambiani, mwambie konda akushushe getini. Mtembezaji wa msituni utampata hapo hapo, na kima punju hawaogopi watu, wanatafuna majani juu ya kichwa chako. Ila usikawie, jioni gari huwa chache.

Kwenda kisiwa cha Changuu, tafuta wenzako pale Forodhani kabla ya kupatana bei, maana boti hukodiwa nzima.