Mwanangu, simu yako haijui Kiingereza cha zamani

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikacheka peke yangu. Kumbe umepewa kusoma Ruthu 1:16 kwenye harusi ya shoga yako, kwa Kiingereza cha ile Biblia ya King James ya 1611, na ratiba unaichapa wewe. Sasa kila ukiandika "whither" simu inakubadilishia, mara "wither", mara "whether". Unauliza kama ni neno moja linaloandikwa namna tatu.

Ni maneno matatu, na la nne hujakutana nalo.

Fungua Biblia yetu, mstari huohuo: "wewe uendako nitakwenda". Itazame hiyo "-ko" ya mwisho. Kazi yake ndiyo kazi ya "whither": wapi, kwa maana ya kuelekea. Zamani Waingereza walikuwa na ukoo mzima. "Here" ni hapa, "hither" ni kuja hapa, "hence" ni kutoka hapa. Weka "there" upate "thither" na "thence". Weka "where" upate "whither" na "whence". Siku hizi "where" imetwishwa mizigo yote, wengine wamestaafu kama mimi. "Whence" utaikuta Zaburi 121, ya kuinua macho milimani, tena wameandika "from whence", yaani kutoka mara mbili. Wakali wa sarufi huliita kosa. Mimi sikio langu linaipenda hivyohivyo.

"Wither" ni kunyauka. Ukisoma kwa sauti hakuna atakayegundua, maana Waingereza wengi leo wanayatamka sawa, ingawa Waskoti wengi bado wanaipuliza ile "wh". Ila kwenye karatasi, bibi harusi ataahidi kunyauka mbele ya wakwe.

"Whether" unaijua: kama, iwapo. Zamani iliuliza pia "yupi kati ya wawili". Soma Mathayo 21:31, wale ndugu wawili na shamba la mizabibu: "Whether of them twain". Nilipokuwa msichana nilidhani wachapaji wamekosea.

La nne ni "wether", kondoo dume aliyehasiwa. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, Antonio anajiita "a tainted wether of the flock", kondoo mgonjwa wa kundi, anayestahili kufa kuliko wenzake. Wachungaji walimvika mmoja kengele shingoni, wengine wakamfuata. Ndiyo "bellwether", ambayo leo ni mtu au kitu kinachotangulia, wengine wakaja nyuma.

Hapo nina dhambi yangu. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha, mwanafunzi aliandika "bellwether" kwenye insha. Nikachora kwa wino mwekundu, nikaongeza "a", ikawa "bellweather", kengele ya hali ya hewa! Niliporudi kwenye kamusi, daftari lilishakwenda naye likizo. Muhula ulipofunguliwa nilimrudishia alama yake mbele ya darasa, masikio yakiniwaka.

Basi zima hiyo programu inayokusahihisha, uandike herufi kwa herufi: w-h-i-t-h-e-r. Na wakileta ndafu mezani, huyo ni ndugu yake "wether", ila ni mbuzi. Nifungie paja.

Mama yako