Damu iliyoruka yenyewe

Umeuliza filamu ipi ya sayansi ya kubuni imeitendea haki hadithi yake na ipi imeiharibu. Kwangu ya kwanza ni The Thing ya John Carpenter, 1982. Hadithi ya John W. Campbell ilitoka 1938, na filamu ya 1951 ikalitupa wazo lenyewe: kiumbe anayejigeuza mtu yeyote katika kambi ya watafiti Antaktika. Carpenter akalirudisha. Tazama wanapopimwa damu ili ajulikane nani si mtu: MacReady, shujaa wa filamu, amewafunga wenzake kamba, anachovya waya wa moto kwenye kisahani kimoja kimoja, mpaka damu moja inaruka yenyewe. Jaribio hilo limo kwenye hadithi, ila kulitazama ni roho mkononi.

Iliyoniudhi ni I Am Legend, 2007. Will Smith, anayeigiza Neville aliyebaki peke yake mjini baada ya ugonjwa kuangamiza watu, simlaumu; ule upweke wa kuongea na masanamu ya dukani ameuweza. Lakini kwenye kitabu cha Richard Matheson, 1954, mwishoni kibao kinageuka: Neville ndiye zimwi, ndiye anayeogopwa na jamii mpya ya walioambukizwa, ambao amekuwa akiwaua. Filamu iliyoingia sinemani ikamfanya shujaa wa kujilipua na guruneti. Na walishapiga mwisho mwingine, ulio karibu zaidi na kitabu, wakauweka kando!