Kwa Dogo Aliyeniuliza Kama Apokee Safari ya Masika

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Marangu, mwongozaji mpya wa Kilimanjaro. Jina nimeliacha, maneno ni yake: "Shikamoo kaka. Leseni nimepata mwaka huu. Kuna kampuni inanipa safari ya kwanza kama kiongozi mkuu, wageni watano, njia ya Machame, mwisho wa Aprili. Nipokee?"

Nikaanza kumjibu mistari mitatu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Swali hilo nililijibu mimi mwenyewe kwa miguu yangu mwaka 2024, na habari yake nikaja kuisimulia hapahapa. Ndiyo makala yangu iliyosifiwa kuliko zote. Mkaniita mtu wa busara, wengine mkanipigia simu. Leo narudi kwenye habari ileile, maana sikuisema yote.

Wewe unayenisoma nakujua. Unataka leseni, ukishaipata unataka uitwe kiongozi mkuu, halafu gari, halafu kampuni yenye jina la mtoto wako ubavuni mwa Land Cruiser. Hakuna aibu, na mimi nataka hivyohivyo. Shida ni kwamba masika humkuta mtu wa namna yetu mfukoni hamna kitu. Machi mpaka Mei wageni hupungua, ada za shule hazipungui. Safari ikidondoka katikati ya ukame huo huulizi mawingu yamekaaje, unauliza ni ya siku ngapi.

Sasa kaa nikueleze mlima, kwa sababu darasani wanakufundisha majina ya ndege na miti, hili wanalipita mbio. Mvua ya masika huletwa na upepo wa kusini mashariki, na upande wa kusini wa Kilimanjaro ndio unaoupokea kifuani. Msitu wa Machame, Kibosho na Old Moshi hunywa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka Aprili na Mei. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Piga hesabu. Moshi mjini inanyesha, kuna nyuzi 20. Kambi ya Barafu iko karibu mita 3,800 juu ya mji. Maji yaleyale yanayopiga bati lako mjini, huko hayawezi kubaki maji. Yanashuka theluji, tena theluji nzito yenye unyevu, inayofukia njia na kumeza mguu. Kwa hiyo ukisikia mto Rau umevunja kingo kule Kahe, tambarare chini ya mlima, hiyo ni taarifa ya hali ya hewa ya kileleni, na imekufikia bure.

Mimi niliipata taarifa hiyo, tena kwa mdomo wa mama yangu.

Tuliingia lango la Machame Mei Mosi. Wageni wanne, ndugu wawili na wake zao. Wasaidizi wawili, mpishi, wagumu 14, yaani wapagazi. Nchi nzima ilikuwa imelowa. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa amewaambia wabunge kwamba mvua zimeshaua watu 155. Desemba iliyotangulia tulikuwa tumeona mlima Hanang ukiporomosha tope juu ya Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Siku zile za safari redio ilikuwa inaongelea Kimbunga Hidaya pwani. Tukawa tunasikiliza kama watu wanaosikiliza mpira wa ligi ya nchi nyingine.

Langoni nilisimama kwenye mizani. Kilo 20 kila mtu, nikarudisha mizigo miwili iliyozidi, nikajiona kiongozi wa haki. Mgumu wangu mmoja wa siku zote hakuja, nyumba yao huko tambarare ilikuwa imeingia maji na alibaki kuokoa magodoro. Alimtuma binamu yake. Kijana mdogo, mchangamfu, salamu nyingi, ndiyo safari yake ya kwanza. Nikamwambia, "Dogo, karibu kazini." Mzigo wake nikaupima. Miguu yake sikuitazama.

Siku tatu za mwanzo sina la kusimulia, ni tope na chai. Tarehe 4 jioni tuko kambi ya Karanga, simu ikashika mtandao. Mdogo wangu alikuwa shambani kwetu Kahe. Akaniambia mpunga wote umelala, maji yako magotini ndani ya nyumba, kuku wako juu ya kabati. Halafu Mama akamnyang'anya simu.

"Mwanangu, huko juu kukoje?"

"Shwari, Mama."

Akanyamaza kidogo. Mama ni mtu wa Kibosho, amezaliwa anautazama ule mlima kila asubuhi kabla hajanawa uso. Akasema, "Kibo hatujauona wiki mbili. Siku utakapofunguka utakuwa mweupe mpaka chini. Nyie mko ndani ya huo weupe."

Nikacheka. Nikamwambia Mama usihofu, hii ni kazi yangu. Wakati huo nilikuwa nimefika kilele cha Uhuru mara 163, na ndiyo, nilikuwa nahesabu, nilikuwa na daftari kabisa.

Kesho yake saa tisa alasiri, Barafu, ikaanza kushuka. Saa tano na nusu usiku nilipofungua zipu ya hema theluji ilikuwa imefika magotini. Nikaamsha wageni. Wakati wanakunywa chai mpishi akaja akaninong'oneza, "Mkuu, yule dogo hasemi vizuri."

Nilimkuta kwenye hema la jikoni, amejikunja. Akili yangu ikakimbilia ugonjwa wa mwinuko. Nikamshika mguu. Raba za turubai, zile za kuchezea mpira, na soksi moja kila mguu, vyote vimeloa tangu msitu wa siku ya kwanza. Siku tano! Siku tano kijana anatembea na maji ya Machame miguuni, na hakusema kwa sababu aliogopa nitamrudisha akose mshahara. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Alikuwa ameanza kuacha kutetemeka, na tafadhali lishike hili hata ukisahau mengine yote: mtu wa baridi anayetetemeka bado anapigana. Akiacha kutetemeka na huku bado ni wa baridi, ukisikia na maneno yanamteleza, hapo umechelewa, fanya haraka. Tukamvua nguo zote za maji, tukamwingiza kwenye mfuko wa kulalia pamoja na msaidizi wangu mmoja, mwili kwa mwili, chai ya sukari nyingi kidogokidogo alipoweza kumeza. Vidole hatukuvisugua. Usisugue kamwe, unaumiza nyama iliyoganda.

Msaidizi yule akabaki naye. Mimi nikapanda na msaidizi mmoja na wageni wanne.

Juu ya kambi ya Kosovo theluji ilikuwa mapajani. Njia niliyoipita mara 163 ikanipotea mara mbili. Kurunzi zinaangaza weupe unaoshuka, huoni zaidi ya hatua nne. Saa kumi na dakika ishirini alfajiri, mita 5,270 kwenye saa ya mgeni, mke wa yule ndugu mdogo akaanza kuyumba na kukaa chini kila hatua kumi. Alihitaji kushushwa. Msaidizi ni mmoja. Akishuka naye, mimi nabaki na watu watatu kwenye theluji ile peke yangu.

Nikageuza wote.

Ndugu mkubwa alinitukana mpaka Barafu. Amefanya mazoezi mwaka mzima, amelipa, anamwona mwoga mbele yake. Pale lango la Mweka tunakoshukia, siku ya kuagana, bahasha ya tipu haikutoka. Si yangu tu, hata ya wagumu. Watu 14 waliobeba maji yake ya kuoga kwenye tope walipanda gari mikono mitupu, wananitazama mimi. Baadaye akaandika mtandaoni kuwa kiongozi wake alikata tamaa mapema. Kampuni sitaitaja, lakini ilikaa miezi saba bila kunipigia simu. Miezi saba. Hao ndio waliokuwa wananiita "mwalimu" mbele ya wageni.

Hapo ndipo makala yangu ya kwanza iliishia: kiongozi aliyeisoma theluji, akachagua uhai kuliko kilele. Mkapiga makofi.

Ukweli ni huu. Ningekuwa na wasaidizi wawili ningeendelea. Yule mama angeshushwa na mmoja, na mimi ningewavuta watatu waliobaki kuelekea Stella Point, ukingoni mwa kreta, kwenye weupe ule, kwa sababu namba 164 ilikuwa inaniita na bahasha ilikuwa inaniita. Sikugeuza kwa busara. Niligeuza kwa sababu nimepungukiwa mtu, na nimepungukiwa mtu kwa sababu ya dogo, na dogo aliumia kwa sababu mimi pale langoni nilipima mizigo sikutazama miguu. Yaani kosa langu moja lilinizuia nisifanye jingine kubwa zaidi. Nimelala na jambo hili usiku mwingi, bado sijui niliweke wapi.

Sasa ushauri, dogo wa Marangu, na wengine wote mnaosubiri simu ya kampuni.

Tazama miguu. Kabla ya mizani, kabla ya fomu, panga wagumu wako mstari na uangalie viatu, soksi za akiba, koti la mvua. Asiyekuwa navyo arudi au umtafutie. Wengi wetu tunaangalia miguu ya wageni, ambao wamenunua viatu vya bei ya pikipiki. Aliye hatarini ni anayebeba hema.

Masika ukiweza omba njia ya Rongai. Upande wa kaskazini hupata mvua kidogo sana kuliko kusini. Juu utakutana na theluji ileile, lakini watu wako watafika wakiwa wakavu, na mkavu na aliyeloa kwenye nyuzi hasi tatu si watu wa aina moja. Omba siku moja ya akiba. Fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na uzifuate za Kahe na Mabogini pia, si za mlimani peke yake.

Ongea na wageni habari ya kugeuka siku ya kwanza, wakiwa wamekaa kwenye viti na supu mbele yao. Mimi niliwaambia kwa mara ya kwanza saa kumi alfajiri. Nani atakuelewa saa kumi alfajiri?

Na tazama miguu. Nimeshasema, najua.

Kuna kingine kinaniuma na nitakisema hata kama wenye kampuni watakasirika. Hatuwezi kuendelea kuwapandisha vijana kwenye theluji na raba za mitumba halafu tunapiga nao picha langoni tunaandika "familia". Familia gani? Wewe unayeota kampuni, anza leo kuwaza utanunua jozi ngapi za viatu kabla hujawaza rangi ya gari. Na acheni kuhesabu vilele. Daftari langu nimelitia motoni, sina haya kulisema. Vijana tumekuwa wanafunzi wa sifa. Mlima umeshafundisha watu wakubwa kuliko sisi. Rebmann, mmisionari Mjerumani, alipouona weupe wa Kibo tarehe 11 Mei 1848, Mei hiyohiyo ya masika, kiongozi wake hakumpa jina la kifahari. Aliuita "baridi" tu. Wataalamu wa London wakabisha miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta, na mwongozaji alikuwa ameshasema kila kitu kwa neno moja. Huyo ndiye babu wa kazi yetu, jamani, mkae mkijua. Siku hizi barafu ya kudumu ya Kibo imepungua, kutoka mwaka 1912 mpaka 2011 asilimia 85 ilikuwa imeshaondoka, na vijana wanadhani na hatari imeyeyuka nayo. Theluji ya masika ni ya muda mfupi tu. Muda mfupi unatosha.

Nilishuka tarehe 7 jioni nikaenda moja kwa moja Kahe. Maji yalikuwa yameondoka, yameacha mstari wa tope ukutani, umepita katikati ya kalenda. Mpunga ulinuka. Mama alikuwa ameshahamishiwa kihambani Kibosho na hajarudi kuishi tambarare tangu siku ile. Nilipomfuata hakuniuliza kuhusu mlima. Alinitazama viatu.

Yule dogo kucha tatu zilitoka, na kidole kimoja mpaka leo hakihisi kitu. Anaendesha bodaboda mjini. Tukipishana karibu na stendi ananipigia honi na kuniita mkuu, anacheka, hana kinyongo hata kidogo, na ningependa awe nacho.

Kijana wa Marangu nimemwandikia hivi: Pokea safari, lakini waambie Rongai, siku saba, na wagumu uwachague wewe. Wakikataa hata moja kati ya hayo, waachie safari yao. Jumamosi nilipita soko la mitumba la Memorial, nikapata jozi sita za viatu vizuri vya mlimani, namba 41 hadi 44, ziko kwangu. Njoo uzichukue, utalipa ukirudi.

Tiki zimegeuka bluu tangu jana mchana. Hajajibu.