Miji 7 kwa siku 13, na Rotterdam haimo

*Shikamoo Shangazi. Mwezi wa tisa mimi na mume wangu tunatimiza miaka 15 ya ndoa, na kwa mara ya kwanza tunakwenda Ulaya, siku 13. Fedha ni bonasi yake pamoja na za kikoba changu. Mume ameshapanga: London, Paris, Brussels, Amsterdam, Zurich, Venice, Roma. Anasema tangu shule alikuwa akitamani kuuona ule uwanja wa Warumi. Mimi nina mdogo wangu Rotterdam, sijamwona miaka 6. Nilipomgusia mume, akajibu kwamba mdogo wangu atakuja kutuona stesheni ya Amsterdam. Nikanyamaza, lakini moyo unaniuma. Tena goti langu si zima, na rafiki yake wa kazini aliyekwenda nchi 5 mwaka jana ndiye anayempa moto. Nifanyeje asione nampinga? Mama Wawili, Tanga.*

Marahaba, Mama Wawili.

Barua yako nimeisoma kalenda ikiwa mkononi. Katika hizo siku 13, usiku wa kwenda mko kwenye ndege na usiku wa kurudi mko kwenye ndege. Zinabaki siku 10 za kulala kitandani. Miji 7 maana yake kuhama mara 6, na kuhama si ile saa ya kwenye tiketi. Asubuhi mnafunga masanduku, mnarudisha ufunguo, mnaitafuta stesheni, mnangoja treni, mnafika mji msioujua, na chumba hamkabidhiwi mpaka alasiri. Kila kuhama kunakula nusu siku, siku nyingine zaidi. Mara 6 ni siku 3 nzima za kukokota masanduku. Zinazobaki ni siku 7, yaani mji mmoja siku moja, na ole wenu siku ya Paris ikiangukia Jumanne, maana Louvre, lile jumba lao kubwa la makumbusho, hufungwa Jumanne.

Mimi na marehemu mume wangu tuliwahi kusafiri hivyo. Brussels tuliipa saa 2. Tukaenda mbio kukitazama kile kisanamu cha mtoto anayekojoa, tukakuta kimo chake hakifiki hata cha mtoto anayeanza kusimama dede, tena mwenyewe halisi yumo jumba la makumbusho na huyu wa barabarani ni nakala. Mume wangu akaniangalia, nikamwangalia, tukarudi stesheni. Picha ninayo. Siku hiyo tulikula nini, sikumbuki.

Sasa uchukue huo mpango, kila mji uuulize: wewe ni wa nani? Roma ni ya mumeo, ameibeba tangu shule, hiyo usiiguse. Rotterdam ni yako. Paris sijui ni ya nani kati yenu, lakini miaka 15 ya ndoa ni sababu tosha. Zurich ni ya nani? Brussels je? Hiyo ni miji ya rafiki wa kazini. Yeye hatakuwa na nyinyi mkikokota sanduku, wala goti linalouma si lake. Venice peke yake ingeniumiza kuiondoa, ni mji mzuri mno, ila hauna gari hata moja, madaraja yake yanapita 400, na mengi yana ngazi za kupanda na kushuka. Kwa goti lako na sanduku la kilo 23? Mwaka mwingine, mkiwa na begi la mgongoni.

London iondoe kwa sababu nyingine kabisa. Uingereza haimo katika Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazoingiwa kwa viza moja, kwa hiyo ni viza ya pili, fomu za pili, ada ya pili. Ya Schengen peke yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Usiku mmoja wa London haustahili gharama hiyo.

Ila kuna jambo mumeo hajalisema, na mimi nalihisi. Mwanamume wa kwetu kulala kwa shemeji yake si jambo dogo. Nyumba za Uholanzi nyingi ni finyu, ngazi zimesimama kama za mnara wa msikiti, choo kimoja, na asubuhi mtu anakutana na shemeji akiwa na taulo begani. Huenda ndiyo maana ya ile “stesheni ya Amsterdam”. Mwondolee hofu hiyo kabla hamjaanza kubishana juu ya ramani: mwambie mtalala hotelini jirani na kwa mdogo wako, mchana na chakula cha jioni ndio mtakuwa kwake.

Na wewe nawe, mwanangu, una lako. Umemgusia tu, halafu ukanuna. Mume hasomi mnuno. Sehemu ya fedha ni za kikoba chako, kwa hiyo huombi ruhusa, mnapanga pamoja. Jioni akishakula, chora kwenye karatasi visanduku 10, kila kimoja ni siku ya kulala. Mpe kalamu aipange miji yake 7 mwenyewe, atie na siku za kuhama. Usiseme neno. Akifika Zurich atakuwa ameshaanza kujikuna kichwa. Hapo ndipo umwambie waziwazi, bila kuzunguka: “Miaka 6 sijamwona mdogo wangu. Nataka kulala Rotterdam siku 4.”

Mimi ningepanga hivi. Safari ianzie Paris, mlale siku 3. Treni ya kasi inayotoka Paris kwenda Amsterdam inasimama Rotterdam njiani, kwa hiyo humpotezei mumeo chochote, ni kushuka mapema tu. Rotterdam mlale 4, na Amsterdam anaipata vilevile: kwa treni ni kama dakika 40, mnakwenda asubuhi, mnarudi usiku, masanduku yamebaki chumbani. Kisha ndege mpaka Roma, 3, na kurudi nyumbani mtokee hukohuko. Msikate tiketi ya kwenda na kurudi Paris, kateni ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, mara nyingi bei haipishani sana, na inawaokoa safari nzima ya kurudi nyuma.

Kwa mpango huo viza mnaiomba Uholanzi, kwa kuwa huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Maombi yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, msingoje mwezi wa nane. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Mkibadili mawazo mkalala kwa mdogo wako, yeye atajaza fomu ya mwenyeji na saini yake ithibitishwe manispaa, mwambie mapema kwa sababu nako kuna miadi. Na tiketi zisizorudishwa fedha msinunue kabla viza haijatoka, hata mkiambiwa bei inapanda usiku huo.

Samli ya Tanga usimbebee mdogo wako, vitu vya maziwa na nyama haviruhusiwi kuingia. Mbebee iliki na mdalasini. Na mpigie leo, kabla ya hiyo karatasi ya visanduku, umwulize kama mwezi wa tisa ana likizo kazini.

Shangazi