Tabia ya Afya Hupimwa Wakati wa Masika

Kila mwaka, kuanzia Januari hadi mwishoni mwa Februari, barabara za Moshi hujaa wakimbiaji wapya. Mbio za Kilimanjaro Marathon, ambazo zimekuwa zikifanyika hapa mjini tangu mwaka 2003, huwaamsha hata watu ambao kwa kawaida hupanda bodaboda kwenda duka la mtaa wa pili. Sina ugomvi na mbio hizo, kwani ni sherehe nzuri ya mji wetu, lakini nimeona kwamba wengi wa wakimbiaji hao hupotea barabarani mara tu medali zinapotundikwa ukutani. Ndiyo maana mtu anaponiomba ushauri kuhusu mazoezi au chakula, humuuliza kwanza kama jambo analotaka kulianza ataliweza mwezi Aprili, mvua inaponyesha tangu alfajiri na njia za Pasua zimegeuka tope.

Kwangu jambo lililoweza kuvuka masika ni kutembea kwenda kazini, kwa sababu kazini ni lazima niende. Halihitaji saa ya ziada wala nguo maalumu, bali mwavuli, mabuti ya mvua na jozi ya viatu vikavu inayokaa chini ya meza ya ofisi mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na mwendo wa haraka kidogo, ule unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba, unahesabika kabisa. Anayekaa mbali anaweza kushuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kile chake.

Upande wa chakula, ningemshauri mtu aanze na chai kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Katika nyumba nyingi za kwetu chai hupikwa pamoja na sukari yake na kumiminwa kwenye chupa, hivyo mnywaji hajui amekunywa vijiko vingapi. Kijiko kimoja cha chai kina takribani gramu 4 za sukari, kwa hiyo vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu ni gramu 36 kabla mtu hajafungua soda. Shirika hilohilo linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa anayekula kilokalori 2,000 ni kama gramu 50, na ikiwezekana ibaki chini ya nusu ya kiasi hicho. Nyumbani kwetu tulichofanya ni kupika chai bila sukari na kuweka kopo mezani, kila mtu ajiwekee mwenyewe. Mama mkwe alipoonja kikombe chake cha kwanza aliuliza kwa upole kama sukari imeadimika tena madukani. Hatukumkatalia kopo. Kila mtu alipunguza kwa wakati wake, nusu kijiko kwa nusu kijiko, hadi ulimi ukazoea.

Mboga hazikutupa shida, maana anayeishi karibu na soko la Mbuyuni akikosa mnafu au mchicha ametaka mwenyewe.

Haraka ndiyo inayoharibu. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia watu 96, kila mmoja akijifunza jambo moja dogo la kila siku, na ikaonekana kwamba kwa kawaida lilichukua kama siku 66 kuwa mazoea, ingawa tofauti ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuvuruga mazoea hayo. Kwa maoni yangu, anayebadilisha mlo, usingizi na mazoezi katika wiki moja anajitafutia sababu ya kuacha vyote kwa pamoja; achukue kimoja, akizoee, ndipo aongeze kingine.

Mtihani mwingine ni Desemba, tunapopanda kijijini "kuhesabiwa", kama tunavyoitania safari ya kurudi kwa ndugu. Huwezi kumweleza shangazi aliyekuchinjia mbuzi kwamba unapunguza nyama, na wala sioni sababu ya kujaribu. Pokea sahani, ila omba ndizi na mboga ziwe nyingi kuliko nyama, kisha waendee ndugu kwa miguu kutoka kihamba hadi kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, kwa sababu miinuko ya Uru na Kibosho ni mazoezi tosha. Mbege nayo ni kilevi, basi kata moja ya heshima inatosha, na anayetumia dawa za presha au kisukari amuulize daktari wake kuhusu pombe kabla hajasafiri, na dawa zenyewe azibebe za kutosha siku zote za likizo.